Hoteli ya Epulu na Njia ya Jamaa Nzima

Wewe unayekaa Mongbwalu, Durba, Watsa ao hata kule mbali Kolwezi, wewe ambaye bwana yako anashuka shimoni asubuhi na kurudi jioni na udongo katika nguo, pengine utauliza: habari ya nyumba ya wageni katikati ya pori inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na tangu wakati ule watoto wengi wa Ituri wamekua wakijua pori kwa mambo mawili tu: makala na shimo. Mtu anaingia porini kuchoma makala, ao anaingia kutafuta mawe. Kuingia kwa kutembea tu, baba na mama na watoto, hilo watu wanaona ni mchezo wa Wazungu ao wa wale wasio na kazi. Lakini katika pori lile lile kuna watu ambao toka zamani za wababu jamaa yote inatembea pamoja, hata mtoto wa kunyonya. Na kulikuwa hoteli moja iliyojengwa pembeni ya njia zao. Wageni walitoka Amerika na Ulaya kuja kulala pale, ili asubuhi wafuate njia ile. Sisi tulio karibu hatuijui.

Fungua karta ya Kongo. Tafuta Mambasa. Halafu fuata barabara kubwa inayokwenda Kisangani, upande wa magharibi, kilometa kama 70. Utakuta mto unaoitwa Epulu, na mji mdogo wenye jina lile lile. Hapo njo mambo yetu yalipofanyika.

Mwenyewe wa hoteli alikuwa Mwamerika, jina lake Patrick Putnam. Alizaliwa mwaka 1904 katika jamaa ya watu wakubwa, akasoma katika chuo cha Harvard, na mwaka 1927 akatumwa Kongo kuchunguza desturi za watu. Wenzake walikuja, wakapima, wakaandika, wakarudi kwao. Yeye hakutaka kurudi. Tembo alimjeruhi, na watu wa pale wakamwuguza mpaka akapona. Labda tangu hapo moyo wake ulikamatwa. Alikwenda Ubelgiji kujifunza matibabu, akarudi akifanya kazi ya Msalaba Mwekundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akajenga makao yake penye mto Epulu. Watu wakapaita Camp Putnam.

Usifikiri hoteli ya ghorofa, ndugu yangu. Zilikuwa nyumba za matope zenye paa la majani, kama nyumba za Babila wa vijiji vya jirani. Kulikuwa na dispanseri, na wagonjwa walitoka mbali: mwenye kidonda, mwenye homa, mama mwenye mtoto anayehara. Kulikuwa na wanyama waliofugwa. Na kulikuwa na nafasi ya wageni, kwa sababu mtu hawezi kuendesha dispanseri kwa upepo. Ilitakiwa franka ziingie. Wasafiri wa barabara ya Stanleyville na Irumu walifika pale wamechoka na mashimo ya njia, wakapewa chakula na kitanda. Usiku Putnam aliketi nao na kuwaeleza habari za Bambuti. Watu walipenda kumsikiliza, juu alikuwa mtu wa maneno matamu na mayele mengi. Kesho yake, mgeni mwenye nguvu aliweza kuingia porini pamoja na Bambuti na kuona kambi yao kwa macho yake.

Sasa tuingie na sisi.

Njia ya Bambuti si barabara. Mtu wa mji akisimama mbele yake haioni. Anaona majani tu. Lakini Mumbuti anaona tawi lililovunjwa kwa mkono, anaona jani lililogeuzwa upande wake mweupe, anaona mahali udongo umekanyagwa. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, bila kelele wanapotaka kusikia nyama, na kwa nyimbo na kelele nyingi wanapotaka nyama wa hatari wasikie na waondoke. Njia inapita chini ya miti mikubwa inayoitwa mbau. Mahali ambapo mbau imetawala, hakuna vichaka vingi chini. Kivuli ni kizito, na mtu anatembea kama ndani ya nyumba kubwa. Mahali pengine mti mzee umeanguka, jua limeingia, na hapo vichaka ni vingi, hata mtu mzima anainama.

Sikiliza jinsi windo lao linavyokwenda, maana hapa njo kiini cha habari yangu. Bambuti wa Epulu wanawinda kwa nyavu. Wavu unasokotwa kwa nyuzi za mtambaa unaoitwa kusa, na urefu wake ni makumi ya mita. Kila baba mwenye bibi ana wavu wake, lakini wavu mmoja haukamati kitu. Inatakiwa jamaa nyingi kuunganisha nyavu zao mpaka zifanye nusu duara kubwa porini. Wanaume wanasimama nyuma ya nyavu na kunyamaza. Ng'ambo, mbali, mama na watoto wanajipanga mstari. Halafu wanaanza kuja, wakipiga kelele, wakipiga vichaka kwa matawi, na mboloko na nyama wengine wanakimbia mbele yao mpaka wanaingia wavuni.

Umeona? Bila wanaume, hakuna wa kushika. Bila wanawake na watoto, nyama hawatoki mafichoni. Mtoto wa miaka nane ana kazi ya kweli, si kazi ya kudanganyishwa ili anyamaze. Akilala njiani, ao akiacha nafasi katika mstari, mboloko anapita hapo na watu wanalala njaa. Ninajua nyumba nyingi za migodini ambamo mtoto hajui hata baba yake anafanya nini huko anakokwenda. Anajua tu siku ya mshahara. Sisemi Bambuti ni malaika. Wanagombana, wanaibiana sehemu ya nyama, mtu mvivu anasemwa mbele ya kambi yote. Lakini katika kazi yao mtoto hasimami pembeni akitazama.

Wanapohama kambi, na wanahama mara nyingi, utaona mama mbele yako na kitunga mgongoni, kamba ya kitunga imepita kwenye paji la uso. Ndani ya kitunga kuna chungu, ndizi, na majani. Mtoto mchanga amefungwa ubavuni. Na mkononi ana moto: kijinga kinachofuka, kimefungwa katika majani ili kisizimike. Wakifika, mama huyo huyo atakata fito na kuzipinda na kujenga nyumba, na kuifunika kwa majani mapana ya mongongo, moja juu ya lingine kama magamba ya samaki, mvua isipite. Kazi ya kujenga ni ya mwanamke. Wanaume wetu wengine watacheka. Lakini nyumba inakuwa tayari kwa saa chache, na hailipishwi kodi. Watoto wana mahali pao pa mchezo karibu na kambi, panaitwa bopi. Hapo wanapanda miti, wanawinda kwa kucheza, wanajifunza.

Kati ya mwezi wa sita na wa nane ni wakati wa asali. Hapo hata yule mtu mkali anabadilika. Nyuki wanafuatwa juu kabisa ya mti, na moshi unapandishwa pamoja na mtu, na wote walio chini wanasimama wakitazama juu, midomo wazi.

Basi njia hii njo ambayo wageni wa Putnam walikuja kuiona. Na wako waliobaki nayo maisha yao yote. Colin Turnbull, kijana Mwingereza, alifika Epulu mwaka 1951. Aliona Bambuti, kisha akakwenda kupata kazi katika kundi la watu waliokuwa wakitengeneza filimu The African Queen huku kwetu Kongo. Lakini pori lilimvuta tena. Alirudi mwaka 1954, na tena mwaka 1957, akatembea na Bambuti na kulala katika nyumba zao za majani, na mwaka 1961 akatoa kitabu The Forest People, kinachosomwa hata leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Ndani yake alieleza kwamba Bambuti wanaita pori baba na mama, kwa kuwa linawapa chakula na nguo na nyumba.

Mwingine alikuwa mama. Anne Eisner, mchoraji wa New York, alikuja Epulu mwaka 1946, na baadaye akaolewa na Putnam. Watu walimwita Madami. Yeye hakuja kwa ajili ya kuchunguza watu. Alikuja kwa ajili ya bwana wake na rangi zake. Lakini akajikuta anaendesha hoteli, anahesabu mashuka, anapika kwa ajili ya wageni, anatafuta mafuta ya taa. Akatunza watoto wachanga wa Kimbuti waliofiwa na mama zao. Mama zetu wanaosoma ukurasa huu wanajua kazi ya kulea kitoto kisicho na maziwa, kila saa, usiku na mchana. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha maisha yake pale, na picha alizochora za kambi na watu ziko mpaka leo. Putnam mwenyewe, aliyejua mambo ya Bambuti kushinda wote, hakuandika ila kidogo sana. Kitabu kikubwa ambacho rafiki zake walikingojea hakikutoka.

Nisikufiche, msomaji: habari za bwana huyu si za kufundisha watoto kila upande. Alioa mabibi Waamerika watatu, mmoja baada ya mwingine, na pamoja nao alikuwa na wanawake wa Kiafrika. Alizoea kutawala. Kilikuwa kipindi cha ukoloni, na mbele ya Mzungu watu walikuwa na njia mbili tu, kunyamaza ao kukimbia. Halafu mapafu yake yakaharibika. Katika miaka ya mwisho pumzi ilikuwa shida, ikabidi abebwe na watu katika tipoi, yule aliyetembea pori lote kwa miguu yake. Hasira zikamkamata, akagombana hata na wale waliompenda. Akafa kule Epulu mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1953. Madami akarudi kwao mwaka uliofuata.

Na hoteli? Nyumba ya matope isiyo na mtu wa kuitengeneza, unajua wewe mwenyewe mvua inaifanya nini. Dispanseri ikafungwa, wagonjwa wakatafuta mahali pengine. Kitu chote kilisimama juu ya kichwa cha mtu mmoja, na kichwa kile kilipolala hakukuwa mwingine wa kushika. Mimi naona huo ni upungufu mkubwa kushinda ule wa wanawake na hasira. Miaka ishirini mtu anatoa dawa, na kuanguka kwake njo kuanguka kwa dawa.

Lakini njia ilibaki, juu haikuwa ya Putnam.

Epulu yenyewe haikufa, kwa sababu ya nyama mmoja. Okapi anaishi katika nchi yetu peke yake, hakuna nchi nyingine duniani anapopatikana porini. Ana mistari myeupe katika mapaja kama ya punda milia, lakini ni ndugu wa twiga, na ulimi wake ni mrefu hata anaweza kujilamba jicho. Bambuti walimjua toka zamani. Wenye elimu wa Ulaya walimwandika mwaka 1901 tu, baada ya Mwingereza Harry Johnston kusikia habari zake kwa Bambuti. Mwaka 1952, wakati Putnam angali hai, pale Epulu kilianzishwa kituo cha kukamata okapi kwa ajili ya bustani za nyama za Ulaya na Amerika. Walichimba mashimo katika njia za okapi na kuyafunika kwa majani, na waliojua njia zenyewe walikuwa nani? Bambuti tena.

Mwaka 1992 serikali ilitenga Hifadhi ya Okapi, kilometa za mraba zaidi ya 13,000, karibu sehemu moja ya tano ya pori la Ituri. Mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kati ya mali za urithi wa dunia, na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, ikaitia katika orodha ya zile zilizo hatarini. Bambuti wanaruhusiwa kukaa ndani na kuwinda kwa desturi yao nyama wasiolindwa na sheria.

Vita havikusoma karatasi hizo. Mwaka 2002 vilipofika Mambasa, watu wengi waliuawa na kuporwa, na Bambuti waliteswa vibaya sana, wao ambao hawakuwa na upande wowote. Halafu tarehe 24 mwezi wa sita mwaka 2012, kundi la Mai-Mai Simba la yule aliyeitwa Morgan liliingia Epulu asubuhi. Waliua watu, pamoja na walinzi wa hifadhi; waliteka wanawake; walichoma nyumba. Na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaangamia wote. Sababu? Walinzi walikuwa wanazuia meno ya tembo na dhahabu.

Dhahabu, ndugu yangu. Hapa habari inarudi mlangoni kwetu. Ndani ya mipaka ya hifadhi kuna machimbo, madogo ya sululu na mengine ya mashine kubwa, na UNESCO imelalamika juu yake mara nyingi. Vijana wanaokwenda kule si wageni wa nchi ya mbali. Ni watoto waliokaa mezani kwetu, waliosikia kwamba shimo la Kilo limechoka na kwamba kule porini mawe yanaokotwa. Siwahukumu, njaa ninaijua, na mtu mwenye watoto wanne hawezi kula urithi wa dunia. Lakini kijana anayesoma ukurasa huu, ujue mambo mawili kabla ya kubeba sululu. Chimbo linapofunguka, mboloko wanakwisha kwa miezi michache, kwa sababu wachimbaji wanakula, na nyama anauzwa kwao. Mama wa Kimbuti atapiga vichaka siku nzima na wavu utabaki mtupu. Na zebaki unayomwaga kijitoni haiendi mbali. Inaingia samaki, na samaki anaingia mtoto.

Sasa wengine watauliza: tukitaka kwenda Epulu kuona? Kabla ya safari yoyote, uliza kwa ofisi ya ICCN na kwa watu wa barabara kama njia ni salama wiki ile, juu mambo ya upande wa Mambasa yanabadilika. Usipeleke watoto kwa kubahatisha. Lakini si lazima kungoja Epulu. Karibu na kila mgodi wetu kimebaki kipande cha pori, ao msitu wa mlimani, ao vichaka vya kando ya mto. Chagua siku moja ya Posho, na jamaa yote mwende pamoja.

Mchukue mtu anayejua pori, na mumlipe kama mnavyolipa fundi, si kwa sigara mbili. Mtoke asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla ya mvua ya saa nane. Mwenye kujua njia atangulie, baba ao mama awe wa mwisho, watoto katikati. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Mkikuta mstari wao, vukeni kwa haraka bila kusimama juu yake. Maji yawe yaliyochemshwa nyumbani. Mtoto asitie mkono katika tundu lolote. Na kwetu sisi wa migodi kuna hatari ambayo Bambuti hawakuijua: mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi na kufunikwa na majani. Kwa hiyo mtu wa mbele awe na fimbo ndefu ya kugonga ardhi, na pasipo njia iliyokanyagwa msiingie.

Mkimpa kila mtoto kazi, hawatachoka upesi. Mmoja abebe chumvi, mwingine ahesabu vijito mnavyovuka, mwingine avunje kitawi kila penye njia panda, upande mliopita. Wakati wa kurudi, yule mdogo njo atangulie, awatafutie vile vitawi, na wakubwa wanyamaze mpaka aone mwenyewe.